Sura ya 7: Tairi Pana Hupimwa Gurudumu Likisogea

Swali hili husikika kila mahali wenye magari ya kasi wanapokutana, na Kisumu si haba kwa magari hayo: "Subaru yangu inavaa tairi la 225. Nikiweka 245, litasugua?" Anayeuliza mara nyingi ameshaamua moyoni. Ameona gari la mwenzake limejaa vizuri chini ya madigadi, amesikia kwamba tairi pana hushika lami zaidi kwenye kona, na sasa anataka jibu la neno moja. Hulipata. Mmoja humwambia linaingia bila wasiwasi, mwingine humwambia litakula bodi, na huenda wote wawili wanasema kweli, kwa kuwa kila mmoja anazungumzia gari ambalo si la muulizaji.

Sura hii inatetea hoja moja. Nafasi ya tairi pana haipimwi gari likiwa limetulia kwenye sakafu ya gereji. Hupimwa pale gurudumu linapofika mwisho wa mwendo wake, yaani limepanda juu hadi shoki imefunga, na usukani umekatwa hadi ukagoma. Anayetaka kuweka kitanda nyuma ya mlango hupima nafasi mlango ukiwa wazi. Kwa gurudumu pia, kipimo chenye maana ni cha pale linapochukua nafasi kubwa kuliko zote. Mwenye kukijua kipimo hicho atajijibu mwenyewe kama 245 litaingia. Asiyekijua atanunua matairi manne ya bei, kisha asikie mkwaruzo kwenye tuta la kwanza akiwa na abiria nyuma.

Mfano wetu utakuwa Subaru Impreza aina ya STI iliyotoka kiwandani na rimu za inchi 17, kwa sababu inajulikana sana Kenya na vipimo vyake viko wazi. Hesabu ni ile ile kwa Mitsubishi Lancer Evolution, Toyota Altezza au gari lingine lolote. Kinachobadilika ni namba.

Namba zilizo ubavuni mwa tairi

Tuanze na maandishi ambayo kila mtu ameyaona: 225/45R17. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ukipimwa kutoka ubavu hadi ubavu. Namba ya pili ni kimo cha ubavu, lakini si kwa milimita: ni asilimia ya upana. Hapa kimo ni asilimia 45 ya 225, yaani milimita 101 hivi. Herufi R inaeleza jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa, na karibu matairi yote ya magari madogo siku hizi ni ya aina hiyo. Namba 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Inchi moja ni milimita 25.4.

Kwa kuwa kimo cha ubavu kinatokana na upana, tairi likiongezwa upana bila kubadilisha asilimia, linarefuka pia. Wengi hulisahau jambo hili. Wanafikiria upana tu, kumbe tairi limepanda juu na kusogea mbele na nyuma ndani ya madigadi. Tazama kipenyo kizima cha matairi manne yanayovaliwa kwenye rimu ya inchi 17:

- 225/45R17: milimita 634
- 235/45R17: milimita 643
- 235/40R17: milimita 620
- 245/40R17: milimita 628

Hapo utaona kwamba 245/40 ni fupi kuliko 225/45 ya kiwandani kwa milimita 6, ilhali 235/45, ambayo watu huiona kama hatua ndogo na salama, ni ndefu kwa milimita 9. Kila upande wa duara unapata nusu ya tofauti hiyo, yaani milimita 4.5. Kwa hiyo gari linaweza kulikataa tairi la 235 kwa sababu ya urefu wake, na gari hilo hilo likalikubali la 245. Anayeuliza kwa kutaja upana peke yake ameficha nusu ya swali.

Kuna jambo la pili ndani ya namba ya kwanza. Upana ulioandikwa ubavuni hupimwa tairi likiwa limevalishwa rimu ya upana maalumu. Kwa 225/45R17 rimu hiyo ni ya inchi 7.5, kwa 245/40R17 ni ya inchi 8.5. Ukilivalisha kwenye rimu nyembamba zaidi, tairi linajibana. Kwenye rimu pana zaidi, linajitanua. Kanuni inayotumika ni kwamba kila nusu inchi ya rimu hubadilisha upana wa tairi kwa takribani milimita 5. Kila saizi pia ina mipaka ya rimu inayoruhusiwa. Ile ya 245/40R17 huanzia inchi 8, kwa hiyo kuilazimisha kwenye rimu ya zamani ya inchi 7.5 ni kukiuka kipimo cha watengenezaji. Na ukifanya hivyo, upana halisi utashuka hadi karibu 235, ubavu utavimba, na tairi litayumba kwenye kona badala ya kusimama imara. Utakuwa umelipia 245 na kupata pungufu.

Namba iliyojificha nyuma ya rimu

Vua gurudumu, lilaze uso chini, futa vumbi jeusi la breki lililoganda nyuma ya miguu ya rimu. Chini ya vumbi hilo kwa kawaida kuna maandishi yaliyochomoza kwenye chuma: upana wa rimu, na namba ambayo mara nyingi hutanguliwa na herufi ET. Namba hiyo ni ofseti. Ofseti ni umbali, kwa milimita, kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso ule unaogusana na habu, yaani kitovu cha chuma ambacho gurudumu hufungwa juu yake kwa nati. Ofseti kubwa huliingiza gurudumu ndani, kuelekea kwenye shoki. Ofseti ndogo hulitoa nje, kuelekea ukingo wa madigadi.

Rimu ya kiwandani ya gari la mfano wetu ni ya inchi 17 kwa 7.5 yenye ofseti ya 53. Tuseme umepata rimu ya upana wa inchi 8.5 na unataka kuivalisha 245/40. Tairi jipya linazidi la zamani kwa milimita 20. Ofseti ikibaki 53, upana huo unagawanyika sawa: milimita 10 zinaingia ndani na 10 zinatoka nje. Ofseti ikiwa 43, gurudumu zima limesogea nje kwa milimita 10, kwa hiyo ubavu wa ndani unabaki palepale ulipokuwa, na milimita zote 20 zinatoka nje. Tairi ni lile lile, gari ni lile lile, lakini katika hali ya kwanza hatari iko kwenye shoki, na katika hali ya pili iko kwenye madigadi. Ndiyo maana madereva wawili wenye magari pacha hutoa ushuhuda unaopingana, na hakuna mwongo kati yao.

Hesabu hii haihitaji kompyuta. Chukua nusu ya upana wa tairi jipya, toa nusu ya upana wa tairi la zamani. Hilo ndilo ongezeko la kila upande. Kisha chukua ofseti ya zamani, toa ofseti mpya. Jumlisha jibu hilo upande wa nje na ulitoe upande wa ndani. Kwa mfano wetu: 122.5 toa 112.5 ni 10. Ofseti 53 toa 43 ni 10. Nje: 10 na 10 ni 20. Ndani: 10 toa 10 ni sifuri. Karatasi na kalamu vinatosha, na vinafaa kutumika kabla ya pesa kutoka mfukoni.

Gurudumu halitulii mahali pamoja

Sasa tunafika kwenye kiini cha hoja. Hesabu iliyopita inaeleza tairi limesogea kiasi gani kutoka lilipokuwa. Haielezi kulikuwa na nafasi gani, wala nafasi hiyo hubaki kiasi gani gari likiwa barabarani. Gurudumu la mbele hufanya mambo mawili kwa pamoja: hupanda na kushuka, na hukata kushoto na kulia. Gurudumu la nyuma hupanda na kushuka, na katika magari mengi hubadilisha mlalo wake kidogo linapopanda. Gari likiwa limesimama unaona nukta moja tu ya mwendo huo wote, nayo ni nukta ya raha kuliko zote.

Barabara za upande wa ziwa haziliachi gari kwenye nukta ya raha. Uwanda wa Kano, kuanzia kandokando ya Kisumu kuelekea Ahero na Awasi, una udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Barabara iliyojengwa juu ya udongo wa namna hiyo huelekea kufanya mawimbi kadiri miaka inavyopita, hata pale lami inapokuwa haina shimo. Gari linaloingia kwenye wimbi kwa kasi hubonyea pande zote mbili kwa wakati mmoja, na magurudumu yote manne hupanda karibu na mwisho wa safari yake. Ongeza matuta yaliyo kila penye soko na shule, abiria wanne na mizigo kwenye buti, na utaona kwamba hali niliyoiita mwisho wa mwendo hutokea katika safari ya kawaida ya kwenda Kericho au Homa Bay.

Sehemu ambazo tairi pana hugusa zinajulikana, na hatari zake si sawa. Nazipanga kuanzia mbaya zaidi:

- Nguzo ya shoki na sahani inayobeba springi, upande wa ndani. Ubavu wa tairi ndio sehemu yake dhaifu. Chuma kikiusugua, joto na mkato hufikia nyuzi za ndani, na tairi linaweza kupasuka ghafla kwenye mwendo.
- Ukingo wa chuma wa madigadi, upande wa nje. Ukingo huu umekunjwa kuelekea ndani na una makali. Gari likibonyea kwenye kona, hukata bega la tairi.
- Fremu na mabomba ya breki, nyuma ya gurudumu la mbele, usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho.
- Plastiki ya ndani ya madigadi. Hii huacha mstari unaong'aa pale raba inapopita. Si hatari ya papo hapo, lakini ni onyo kwamba nafasi imekwisha.

Kwa kifupi, hadi hapa: upana ni namba moja kati ya tatu. Nyingine ni kimo, kinachoamua urefu wa tairi, na ofseti, inayoamua limekaa ndani au nje kiasi gani. Na zote tatu zina maana tu zikilinganishwa na nafasi iliyobaki gurudumu likiwa juu kabisa na limekatwa kabisa.

Kupima nafasi halisi

Upimaji ni kazi ya asubuhi moja kwa fundi mwangalifu, na vifaa vyake havizidi vile vilivyo kwenye gereji yoyote ya jua kali: jeki mbili, stendi imara za kuegesha gari, spana, rula na donge la udongo laini. Udongo wa kufinyangia unafaa, hata ule ambao watoto huchezea shuleni. Lengo ni kuliondolea gurudumu uzito wa springi ili lipandishwe kwa jeki hadi mwisho wake wa kweli.

1. Inua gari, liegeshe kwenye stendi, vua gurudumu la kona moja.
2. Toa nguzo ya shoki na umpe fundi mwenye kifaa cha kubana springi aiondoe springi. Kazi hii haifanywi kwa kubahatisha. Springi iliyobanwa inaweza kuua.
3. Rudisha shoki bila springi, pamoja na kile kipande cha raba kinachozuia shoki isigonge mwisho. Raba hiyo ndiyo inayoweka kikomo cha kupanda, kwa hiyo usipime bila yake.
4. Bandika vidonge vya udongo, vyenye unene wa sentimita 2 hivi, kwenye nguzo ya shoki, ndani ya ukingo wa madigadi na kwenye plastiki ya mbele na nyuma.
5. Funga gurudumu lenye tairi unalotaka kutumia, au la kuazima la saizi hiyo hiyo. Lipandishe kwa jeki hadi raba ibanwe. Kata usukani polepole kutoka kikomo hadi kikomo huku mwenzako akitazama.
6. Shusha, vua gurudumu, na upime unene wa udongo uliobaki.

Udongo husema kweli ambayo jicho haliwezi kuiona, kwa sababu hubaki na alama ya pale tairi lilipofika ndani ya giza la madigadi. Unene uliobaki ndio nafasi yako. Upande wa shoki, usikubali chini ya milimita 5, kwa kuwa tairi hujitanua kwenye kona na bushi za raba zinazoshikilia mikono ya gurudumu hupinda kidogo chini ya mzigo. Upande wa madigadi acha zaidi, kwa kuwa huko bodi nzima huinama juu ya gurudumu. Rudia kona zote nne. Gari lililowahi kugongwa na kunyooshwa linaweza kuwa na nafasi tofauti kushoto na kulia.

Usiazime matokeo ya saizi hiyo hiyo kutoka kampuni nyingine ya matairi. Viwango vya sekta huruhusu tairi lizidi upana wake ulioandikwa kwa asilimia chache, na asilimia 3 tu ya 245 ni milimita 7, yaani 3.5 hivi kila upande, sehemu kubwa ya ile nafasi ndogo tuliyoitaka kwenye shoki. Matairi ya mbio yanayoruhusiwa barabarani, yenye raba laini na mifereji michache, huwa pia na mabega ya mraba kuliko matairi ya safari. Saizi iliyopita salama kwenye tairi la kawaida inaweza kugusa kwenye tairi la mbio, na mabega ndiyo hutangulia kugusa.

"Lakini si kuna dawa?"

Msomaji mwenye uzoefu atakuwa na pingamizi. Atasema kusugua kuna dawa zake, na mafundi huzitumia kila siku. Ni kweli zipo, na baadhi ni nzuri. Lakini kila dawa huhamisha tatizo kutoka mahali pamoja hadi pengine, na bila kipimo hujui unalihamishia wapi.

Dawa ya kwanza ni spesa, yaani kisahani cha chuma kinachowekwa kati ya habu na rimu ili kulisogeza gurudumu nje. Spesa ya milimita 5 ni sawa na kupunguza ofseti kwa 5. Inaiokoa shoki na kuyakaribia madigadi. Pia inafupisha sehemu ya stadi, zile bolti za habu, inayobaki kushikwa na nati. Kanuni ya mafundi wa mitambo ni kwamba nati ishike kwa urefu usiopungua unene wa bolti. Stadi za Subaru zina unene wa milimita 12 na hatua ya uzi ya milimita 1.25, kwa hiyo nati inapaswa kuzunguka karibu mara 10 kutoka pale inapoanza kushika hadi inapokaza. Ikizunguka mara 6, vua spesa hiyo au weka stadi ndefu. Spesa pia lazima ikae sawasawa kwenye kitovu cha habu, ambacho kwa Subaru nyingi kina kipenyo cha milimita 56.1; isiyokaa sawa huleta mtetemeko.

Dawa ya pili ni kuukunja ukingo wa madigadi ulale bapa. Ikifanywa taratibu, rangi ikiwa imepashwa moto, hutoa milimita kadhaa za thamani. Ikifanywa kwa nyundo na haraka, rangi hupasuka ndani ya ukingo, maji na tope vikaingia, na kutu ikaanza mahali pasipoonekana. Hewa ya kando ya ziwa ina unyevu mwingi, na ukingo wa nyuma una mabati mawili yaliyounganishwa, kwa hiyo kutu ya hapo hula ndani kabla ya kujionyesha nje. Ukingo uliokunjwa ufungwe upya kwa rangi na dawa ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo.

Dawa ya tatu ni kemba, yaani kuliinamisha gurudumu ili sehemu yake ya juu iingie ndani. Kwa tairi la kipenyo cha milimita 634, kila nyuzi moja huingiza ukingo wa juu kwa milimita 5 na nusu hivi kulinganisha na kitovu. Madigadi yanapona. Lakini kemba ikirekebishwa kwa bolti za chini, pale shoki inapofungwa kwenye habu, tairi huisogelea shoki. Ikirekebishwa juu, kwa kusogeza kichwa cha shoki, shoki na gurudumu huinama pamoja na nafasi ya kati yao haibadiliki. Ni kemba ile ile kwenye karatasi, na matokeo mawili tofauti ndani ya madigadi.

Pingamizi zito kuliko yote ni hili: "Nitaweka springi ngumu, gari halitabonyea hadi huko." Hapa lazima tufikiri kwa uangalifu. Springi ngumu hupunguza mara ambazo gurudumu hufika mwisho wa mwendo, lakini hazifuti mwisho wenyewe. Shimo moja refu baada ya mvua litalifikisha. Na springi fupi zinazolishusha gari hufanya kinyume cha matarajio ya wengi: kikomo cha juu kinabaki palepale, kwa sababu kimewekwa na ile raba, ila sasa gurudumu linaanzia karibu nacho na kukitembelea mara nyingi zaidi. Anayetaka kusogeza kikomo kwa kweli aweke raba ndefu zaidi, akubali kwamba gari litakuwa gumu kwenye matuta, kisha apime upya.

Upana unaleta faida gani hasa?

Baada ya kazi yote hiyo ni haki kuuliza kama faida inalingana nayo. Chukua gari la kilo 1,400 hivi. Kila tairi linabeba takribani kilo 350. Upepo wa PSI 32 ni sawa na kilo 2.25 kwa kila sentimita ya mraba. Gawa 350 kwa 2.25, utapata sentimita za mraba 156 hivi. Hicho ndicho kipande cha raba kinachogusa ardhi, na kwa upepo huo huo hakibadiliki sana ukitoka 225 kwenda 245. Kinachobadilika ni umbo: kinakuwa kipana na kifupi badala ya chembamba na kirefu. Kwenye kona ya lami kavu umbo hilo husaidia, kwa kuwa raba hupindika kidogo kabla ya kuteleza na gari huuitika usukani haraka. Raba nyingi zaidi pia huchukua muda kupata joto la kupita kiasi, na hilo humfaa anayezunguka uwanja mara kadhaa mfululizo. Faida ipo, lakini ni ndogo kuliko ile inayoletwa na raba bora katika saizi ya kiwandani.

Kwenye ardhi nyingine faida hugeuka hasara. Impreza ilishinda Safari Rally mwaka 1996 ikiendeshwa na Kenneth Eriksson, 1997 na Colin McRae, na 2000 na Richard Burns. Magari ya mashindano ya dunia ya rali hutumia rimu za inchi 15 zenye upana wa inchi 7 kwenye changarawe, na za inchi 18 zenye upana wa 8 kwenye lami. Timu zenye pesa za kununua upana wowote huchagua tairi jembamba lenye ubavu mrefu wanapoingia kwenye vumbi na mawe, ili lizame hadi ardhi ngumu na ubavu umeze mapigo. Maji nayo yana kanuni yake: tairi pana lenye mifereji michache huanza kuelea juu ya maji kwa kasi ndogo zaidi. Kisumu ni mji wa mvua kubwa za radi za alasiri, na Kano hufurika. Tairi la mbio linalong'ara saa sita mchana linaweza kuwa la hatari saa kumi.

Mwenye gari wa Kisumu achague nini

Mashindano ya kukimbiza saa kwenye lami, kama Kiamburing TT ya Kiambu, yako mbali na ziwa. Gari litapita Ahero, Kericho na Nakuru, zaidi ya kilomita 300, kabla ya kushindana hata dakika moja, kisha lirudi. Kwa hiyo matairi ya mbio yabebwe, yasivaliwe njiani, na seti ya safari ibaki saizi ya kiwandani. Ikiwa huna mahali pa kubebea seti ya pili, 225/45 yenye raba nzuri kwenye rimu ya kiwandani ni chaguo la busara. Hatua inayofuata ni 235/40 kwenye rimu pana kidogo, inayoruhusiwa kwa saizi hiyo. Tairi hili ni fupi na huliachia gurudumu nafasi juu; hakikisha tu uwezo wake wa kubeba mzigo, ile namba iliyo karibu na herufi ya kasi, haushuki chini ya ule wa kiwandani. 245/40 ni ya aliyepata rimu ya inchi 8.5 yenye ofseti aliyoikokotoa na nafasi aliyoipima.

Ukinunua matairi ya mtumba, soma tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi yanayoanza na DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Raba laini hugeuka ngumu kwa umri hata kama mifereji bado imejaa, na raba ngumu yenye upana wa 245 hushika vibaya kuliko raba mpya ya 225.

Ya kukumbuka

- Linganisha kipenyo kizima kabla ya kulinganisha upana.
- Kokotoa ongezeko la ndani na la nje kwa kutumia ofseti.
- Pima kwa udongo, bila springi, raba ya kikomo ikiwa mahali pake, usukani ukikatwa pande zote.
- Kila dawa ya kusugua ifuatwe na kipimo kingine.
- Chagua raba kwanza, upana baadaye.

Mwenye gari anayefuata mpangilio huu huenda akamaliza na tairi jembamba kuliko alilolitamani mwanzoni, na hajashindwa kwa hilo. Ubavu wa tairi lake ni mzima, breki zake ni salama, na kwenye kona anaweza kulitumia gari lake lote kwa sababu hana sehemu ya mwendo anayoiogopa. Na yule ambaye vipimo vyake vinamruhusu 245, aivae bila hofu: amepata jibu kutoka kwa gari lake mwenyewe, na hahitaji tena kuuliza la mwenzake linasema nini.